Unaota Japani na familia? Uliza kwanza mtoto ana miaka mingapi

Januari 2026, vijana wa kwanza wa CBC waliingia Gredi ya 10. Kuanzia Wamagana hadi Ihururu, stori katika Tetu ilikuwa ile ile ya nchi nzima: umeitwa shule gani, ni ya bweni au ya kutwa, na karo itatoka wapi. Wiki hizo hizo, huko Japani, vijana wa rika lao walikuwa wameinamia vitabu usiku na mchana. Msimu wa mitihani ya kuingia shule ya upili kule huwa kati ya Januari na Machi. Na umri wao? Miaka 15, kama wa hapa.

Hesabu nayo inafanana. Mfumo wetu mpya ni 2-6-3-3-3. Ukiondoa miaka miwili ya chekechea mwanzoni na mitatu ya chuo kikuu mwishoni, zinabaki 6-3-3: miaka sita ya shule ya msingi, mitatu ya sekondari msingi, mitatu ya sekondari pevu. Japani imekuwa ikitumia hiyo 6-3-3 tangu Aprili 1947, kisha inaongeza miaka minne ya chuo kikuu.

Sasa, kwa nini kijana wa Nyeri ajisumbue na haya? Kwa sababu kuna vijana wa upande huu wa Mlima Kenya wanaoitazama Japani. Mmoja anasaka ufadhili wa MEXT, ule wa serikali ya Japani. Mwingine anajifunza Kijapani akilenga kazi ya kuwatunza wazee. Mwingine anatoka alfajiri kukimbia akiwa na ndoto ya kuchukuliwa na shule au kampuni ya huko. Wakikutana, maswali ni ya viza, mshahara na baridi. Swali la shule hukumbukwa mtoto akishatua uwanja wa ndege, na kwa familia nyingine huwa ni kuchelewa.

Usiseme "mimi sina mtoto". Ufadhili wa MEXT wa shahada za juu hupokea waombaji walio chini ya miaka 35, na kufikia umri huo wengi wetu tushaitwa baba au mama fulani. Basi hebu tuutazame mfumo wa shule wa Japani jinsi unavyofanya kazi, kwa mwenyeji na kwa mgeni.

Miaka tisa bila mchujo

Huko, elimu ya lazima ni miaka tisa: ile sita ya msingi na mitatu ya sekondari msingi. Katika shule za umma hakuna karo na vitabu vya masomo ni bure. Ila kitu kinachoshangaza mzazi wa Kenya ni hiki: mzazi hazunguki akitafuta shule. Manispaa imegawanywa katika maeneo, na anwani ya nyumba yako ndiyo inayoamua mtoto ataenda wapi. Mtoto wa daktari na mtoto wa dereva wa lori wakiishi mtaa mmoja, wanakaa darasa moja.

Kwa miaka hiyo tisa hakuna kurudia darasa. Hakuna mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya msingi. Ukifikisha umri, unasonga mbele na wenzako, uwe umeshika hesabu au bado. Mwaka wa shule unaanza Aprili na kuisha Machi, na anayeingia darasa la kwanza ni yule aliyetimiza miaka sita. Mstari umechorwa kati ya tarehe 1 na 2 Aprili. Marehemu Profesa Wangari Maathai wa Ihithe, aliyezaliwa Aprili 1, 1940, angezaliwa kule angekuwa kitindamimba wa darasa lake. Kwa sheria ya huko mtoto wa Aprili 1 husoma na kundi la waliozaliwa mwaka uliotangulia.

Utauliza: kama kila mtu anaenda shule ya jirani, si wa kijijini ataumia? Jibu la Japani liko kwa walimu. Mwalimu wa shule ya umma ni mwajiriwa wa mkoa, si wa shule moja. Baada ya miaka kadhaa anahamishwa kwenda shule nyingine, na mwalimu mkuu vile vile. Theluthi moja ya mishahara hulipwa na serikali kuu na sehemu inayobaki hutoka kwa mkoa, ili manispaa maskini isibaki na walimu hafifu. Tangu 1954 kuna hata sheria maalumu ya shule za sehemu za mbali, milimani na visiwani, na anayefundisha huko hupewa marupurupu.

Linganisha na huku. Mtoto wa Tetu akifaulu vizuri, furaha ya nyumbani ni kumwona akiondoka: Kagumo, Nyeri High, Bishop Gatimu Ngandu, au mbali zaidi. Kiwango rasmi cha karo ya shule za bweni za kitaifa ni Sh53,554 kwa mwaka, kabla ya godoro, sanduku na nauli. Shule ya kutwa ya karibu inabaki kuwa ya "waliokosa". Kule Japani, hadi miaka 15, shule ya karibu ndiyo shule yenyewe.

Sisemi kwamba wote ni sawa kabisa. Kuna shule za msingi za kibinafsi zenye mitihani yake, hasa Tokyo, na kuna tuisheni ya jioni inayoitwa juku, ambayo mwenye pesa huinunua na asiye nazo huikosa. Lakini hao wa shule za msingi za kibinafsi ni wachache sana. Umati wa watoto unapita katika shule ya mtaa.

Ufagio, sahani na 'mottainai'

Siku yenyewe iko hivi. Asubuhi watoto wa msingi wanatembea kwenda shule, sehemu nyingi kwa makundi, wakubwa wakiwaongoza wadogo. Hakuna basi la manjano la shule linalopiga honi langoni. Wakifika wanavua viatu vya nje na kuvaa vya ndani. Kipindi ni dakika 45 msingi na dakika 50 sekondari msingi.

Saa ya chakula, wenye zamu wanavaa aproni nyeupe na kofia, wanabeba sufuria hadi darasani na kuwapakulia wenzao. Mwalimu anakula chakula kile kile, darasani humo humo. Chakula hiki, kyushoku, kina sheria yake tangu 1954 na kinahesabiwa kuwa sehemu ya elimu. Mzazi amekuwa akilipa takriban yeni 5,000 kwa mwezi, yaani zaidi ya Sh4,000, ingawa manispaa nyingi zimekifanya kuwa bure. Baada ya hapo ni usafi. Wanafunzi wanafagia, wanapangusa sakafu kwa matambara na kuosha vyoo vyao. Hapa Kenya kazi kama hizi mara nyingi hupewa aliyekosea. Kule ni ratiba, hata mtoto wa diwani anashika tambara.

Ni mazingira haya yaliyolea neno ambalo mtu wa Tetu ndiye aliyelibeba duniani. Februari 2005, Itifaki ya Kyoto ilipoanza kutumika, Wangari Maathai, ambaye wakati huo alikuwa mbunge wa Tetu na alikuwa ameshapokea Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004, alizuru Japani. Huko alikutana na neno mottainai, ambalo Mjapani hulitamka anapoona kitu kizuri kikipotea bure: wali uliobaki sahanini, karatasi iliyoandikwa upande mmoja. Alilipenda, akalihubiri hadi Umoja wa Mataifa. Leo neno hilo na jina lake husemwa pamoja huko Japani.

Familia ya Tetu ikitua

Sasa tuseme hivi. Mama mmoja wa Tetu amepata nafasi ya shahada ya uzamili katika chuo kikuu cha Japani. Anaenda na mumewe na watoto wawili, mdogo ana miaka saba na mkubwa ana 14. Itakuwaje?

Kwanza, ajue viza inasemaje. Mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kuomba familia imfuate, mradi aonyeshe atakavyowalisha, kwa sababu pesa za MEXT ni za mwanafunzi mwenyewe. Lakini anayeenda kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi maalumu daraja la kwanza, ile inayotumiwa na watunzaji wengi wa wazee, haruhusiwi kuja na mke, mume wala watoto, na kwa kawaida mwisho wake ni miaka mitano. Familia huruhusiwa ukifika daraja la pili, ila kazi ya kuwatunza wazee haina daraja hilo. Ajenti akikwambia "nenda tu, mtoto atakufuata mwezi ujao", mwambie akuonyeshe hiyo imeandikwa wapi.

Wakishafika na kupata nyumba, wana siku 14 za kuandikisha anwani katika ofisi ya manispaa. Hapo hapo, au katika ofisi ya bodi ya elimu, mama anaomba watoto waingie shule. Haulizwi ripoti ya mitihani ya Kenya ili ijulikane kama mtoto "anatosha". Anatajiwa shule ya eneo lake, na watoto wanawekwa darasa la rika lao. Karo hakuna, vitabu bure, kama mtoto wa mwenyeji.

Zinazobaki ni gharama ndogo ndogo zinazojumlika: chakula, nguo za michezo, viatu vya ndani, safari za shule, sare kwa yule wa sekondari msingi. Mkoba mgumu wa mgongoni unaobebwa na watoto wa msingi, randoseru, hugharimu makumi ya maelfu ya yeni ukiwa mpya. Sheria haimlazimishi mtoto kuubeba, na wengi hupata wa mtumba. Familia yenye kipato cha chini inaweza kuomba msaada wa manispaa kwa gharama hizi, na mgeni pia huruhusiwa kuomba. Fomu ni ya Kijapani, lakini iko.

Kuna anayesema atampeleka mtoto shule ya kimataifa asome Kiingereza. Sawa, ila kwa Tokyo andaa zaidi ya yeni milioni mbili kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Pia ujue kwamba nyingi ya shule hizo hazihesabiki kisheria kuwa shule za kawaida za Japani, jambo linaloweza kumtatiza mtoto akitaka kuhamia shule ya upili ya umma baadaye.

Swali lililoulizwa Ihithe

Hadi hapo mambo ni matamu. Sasa kuna neno moja dogo katika mpango huu lenye uzito kuliko yote: anaomba.

Kwa mzazi Mjapani, kumpeleka mtoto shule ni wajibu wa kisheria. Barua ya kumwita mtoto huja yenyewe, na mtoto asipoonekana shuleni, ofisi itauliza. Kwa mgeni, sheria haimlazimishi. Akiomba, anapokewa sawa na mwenyeji. Asipoomba, mfumo unaweza kumpita mtoto huyo kimya kimya. Mwaka 2019 wizara ya elimu ya Japani ilihesabu kwa mara ya kwanza, na ikakuta karibu watoto 20,000 wa kigeni waliokuwa katika umri wa shule lakini hawakuwa shuleni au haikujulikana kama wanasoma. Tangu hapo manispaa zimehimizwa kuwafuatilia, kuwatumia wazazi barua na kubisha milango. Hata hivyo wajibu wa kisheria haujabadilika.

Tetu inaijua hadithi hii kwa namna yake. Mwishoni mwa miaka ya 1940, msichana mdogo wa Ihithe alikuwa akibaki nyumbani kumsaidia mama yake huku kaka zake wakienda shule. Hakuna sheria iliyomkataza wala iliyomwita. Ni kakake, Nderitu, aliyemuuliza mama yao kwa nini Wangari haendi shule kama wao. Mama alifikiri, akakubali, na Wangari akaanza katika Shule ya Msingi ya Ihithe akiwa na umri wa takriban miaka minane. Tunajua alikofika.

Familia ya kigeni Japani inahitaji Nderitu wake. Baba yuko zamu ya usiku, mama yuko maabara, barua za ofisi zimeandikwa kwa herufi ambazo hakuna anayezisoma, na mtoto wa miaka 14 ana simu na intaneti ya kasi. Ni rahisi kusema "tutashughulikia mwezi ujao". Kama wewe ni mjomba, shangazi au rafiki wa walioko huko, uliza: huyo mtoto amesajiliwa?

Ukuta wa miaka 15

Turudi kwa watoto wetu wawili wa mfano.

Yule wa miaka saba ataumia wiki za kwanza, kisha mchezo wa mpira na foleni ya chakula vitamfundisha lugha. Darasa la kwanza hufunza herufi 80 za kanji, na hadi mwisho wa shule ya msingi zinafika 1,026. Ameanza karibu na chanzo, anaweza kupanda ngazi na wenzake.

Yule wa miaka 14 anaingizwa sekondari msingi mwaka wa pili au wa tatu kulingana na tarehe yake ya kuzaliwa. Wenzake tayari wanasoma historia na sayansi kwa zile kanji 1,026 na mamia mengine juu yake. Mwalimu ni mpole, anamsukuma mbele, hamrudishi darasa. Lakini upole huo huo ndio mtego: anasonga mbele bila kuelewa, na mbele yake kuna Machi ya mwaka wa tatu.

Hapo ndipo miaka tisa ya usawa inapoisha. Shule ya upili si ya lazima, ingawa karibu watoto 99 kati ya 100 huendelea. Shule zimepangwa kwa viwango, kila mtu mtaani anajua ipi ni ya vichwa na ipi ni ya walioshindwa. Kwa kawaida mtihani wa shule za umma una masomo matano: Kijapani, hesabu, sayansi, jamii na Kiingereza. Ripoti ya mwalimu kutoka sekondari msingi nayo inahesabiwa. Kijana wa Tetu anaweza kuwa moto wa hesabu na kuwashinda wote Kiingereza, lakini swali la hesabu limeandikwa Kijapani.

Msaada upo, ila haupo kila mahali. Kufikia 2023, wanafunzi karibu 70,000 katika shule za umma walihitaji kufundishwa Kijapani cha ziada. Baadhi ya mikoa, kama Kanagawa na Osaka, ina nafasi maalumu za upili kwa watoto wa kigeni, zenye masomo machache ya mtihani. Kuna pia sekondari msingi za jioni za umma kwa waliovuka umri bila kumaliza, na wageni wengi husomea huko. Mwaka 2019 Japani ilipitisha sheria ya kukuza mafunzo ya Kijapani kwa wageni. Lakini mji wenye Wabrazili au Wachina wengi utakuwa na mwalimu anayejua lugha yao. Anayejua Kiswahili au Gikuyu, usimtegemee.

Unadhani natia chumvi? Watazame Wajapani wenyewe wanaoishi Kenya. Nairobi kuna shule ya Kijapani inayofuata mtaala wa Japani, na shule za aina hiyo hupokea walimu wanaotumwa kutoka Japani. Mzazi Mjapani anayekuja Kenya kwa miaka mitatu hana shida na Kiingereza cha mtoto wake. Anachohofia ni mtoto kurudi nyumbani akiwa na miaka 15 na pengo la kanji. Kama mwenyeji anauogopa ukuta huo, mgeni anafaa kuuheshimu.

Walioingia kwa miguu

Kuna Wakenya waliovuka ukuta huo kwa mlango wa pembeni: mbio. Ng'ambo ya Aberdare, Nyahururu, Samuel Wanjiru aliondoka mwaka 2002 akiwa na miaka 15 kwenda shule ya upili ya Sendai Ikuei. Aliishi huko, akasoma, akajua Kijapani, akaikimbilia shule yake katika ekiden, mbio za kupokezana barabarani ambazo Wajapani huzitazama kama sisi tunavyotazama ligi. Mwaka 2008 jijini Beijing alishinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki kwa saa 2:06:32, mwanamume wa kwanza wa Kenya kufanya hivyo. Alifariki 2011, akiwa na miaka 24. Bedan Karoki naye alipitia shule ya upili ya Sera, mkoani Hiroshima.

Njia hiyo imefungua maisha ya wengi, lakini isome vizuri. Shule inakuchukua kwa sababu ya miguu yako, na kanuni za miguu hubadilika. Katika ekiden ya kitaifa ya shule za upili, wanafunzi wa kigeni walizuiwa kukimbia mkondo wa kwanza tangu 2008, kwa kuwa walikuwa wakimaliza mbio mapema mno. Kuanzia 2024 wanaruhusiwa mkondo mfupi wa kilomita tatu tu. Ukienda kwa mbio, shika na kitabu. Goti likiuma, Kijapani chako hakitauma.

Nywele, na wanaobaki nyumbani

Tusiipake Japani rangi ya dhahabu. Mwaka wa masomo wa 2023, watoto zaidi ya 346,000 wa msingi na sekondari msingi walihesabiwa kuwa wamekosa shule kwa siku 30 au zaidi kwa sababu zisizo za ugonjwa wala umaskini. Kule wanaliita futoko. Wengi wao ni Wajapani halisi. Maisha ya kufanana na kundi, kula pamoja, kufagia pamoja, kutembea pamoja, humjenga mtoto mmoja na kumkaba koo mwingine.

Kwa mtoto mweusi kuna la nywele. Kanuni za sare na nywele katika sekondari zinaweza kuwa kali. Mwaka 2017 mwanafunzi wa Osaka alikwenda kortini kwa kulazimishwa kupaka nywele zake rangi nyeusi, ilhali alisema ni za kahawia tangu kuzaliwa. Mwaka 2023 kijana mmoja wa mkoa wa Hyogo, ambaye babake ni mweusi, alitengwa katika sherehe ya kuhitimu kwa sababu alisuka nywele. Mambo yanalegea: shule za upili za mkoa wa Tokyo zilifuta baadhi ya kanuni hizo Aprili 2022. Hata hivyo zungumza na shule mapema kuhusu nywele za binti yako, usingoje aitwe ofisini.

Kabla hujakata tiketi

Basi ukipata hiyo nafasi, kaa chini na mwenzako mjiulize haya.

Mtoto atakuwa na miaka mingapi siku ya kufika, na atafikisha 15 mkiwa wapi? Chini ya miaka kumi, shule ya umma ya mtaa ni zawadi, msiikimbie. Kati ya 12 na 15, fikirieni mara mbili. Aanze Kijapani akiwa bado Kenya, angalau zile herufi za mwanzo za hiragana na katakana, na mchague mji wenye nafasi maalumu za upili kwa wageni. Kama kozi ni ya miaka miwili tu na mtoto yuko Gredi ya 9, huenda akafaidika zaidi kumalizia na bibi yake Tetu, hata kama roho inauma.

Viza yako inaruhusu familia? Mtarudi lini? Mwaka wao unaisha Machi na wetu unaanza Januari. Mkirudi katikati ya mwaka wetu, mtoto atajikuta amepita darasa nusu au amelirudia nusu. Na Kiingereza na Kiswahili chake vitalindwa na nani? Darasani huko Kiswahili hakipo, kwa hiyo ni kazi ya meza ya jioni nyumbani.

La mwisho linawahusu hata wasioenda popote. Tumekopa au tumefanana na hesabu ya 6-3-3, lakini hesabu si mfumo. Sekondari msingi zetu ziliwekwa ndani ya shule za msingi mwaka 2023, nyingine zikiwa bila maabara na zikiwa na walimu wachache kuliko masomo. Japani ilihakikisha kwanza kwamba shule ya jirani ina mwalimu sawa na ya mjini, ndipo ikamwambia mzazi asichague. Mwakilishi wenu wa wadi au mbunge akija Wamagana kuomba kura ya Agosti 2027, msimuulize tu basari ni ngapi. Muulizeni sekondari msingi iliyo karibu na nyumba yako ina walimu wangapi wa sayansi.